Mshono Ulioegemea Kushoto

Firenze, 9 Februari 1964

Mpendwa Baba Mdogo Corrado,

Nakuamkia kwa heshima. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kifua chako kisichopenda unyevu kimepata amani huko ng'ambo, Rosario. Sisi hatujambo. Mama amekuwa mzito wa kusikia, ila yale yasiyomhusu anayasikia vizuri.

Najua hatujaandikiana tangu mazishi ya Baba. Naandika leo kwa furaha, na kwa shida kidogo. Karakana yetu ya mikoba ya mtaa wa Serragli imefungwa. Tumehamia jengo jipya Scandicci, mafundi mia moja na arobaini, madirisha pande zote. Duka la Milano linakwenda, la Paris linakwenda, na Oktoba tunafungua New York. Nani angefikiri, Baba Mdogo? Jina letu, Torsellini, lililokuwa limechorwa kwa rangi juu ya mlango unaokwama.

Kwa ajili ya New York tunachapa kitabu cha historia ya nyumba yetu. Msimamizi wetu, mtu wa Milano tunayemwita Milanese, anayejua kuandika, ameeleza jinsi Baba alivyokaa dirishani siku ya mvua, akaona matone yanavyoanguka kwa mshazari juu ya mto Arno, akabuni mshono wetu. Mishono ya mafundi wote duniani huegemea kulia, wetu peke yake huegemea kushoto. Wewe ndiye shahidi pekee aliyebaki. Naomba ukurasa mmoja wenye sahihi yako.

Jambo la pili. Wanawake kumi na mmoja wameacha kazi tangu Krismasi kwa kuvimba vifundo vya mikono. Ili mshono uegemee upande wetu inabidi wapinde mkono kila wanapotoboa ngozi kwa msharasi. Je, unakumbuka Baba alikuwa akiwafundishaje?

Mwanao,
Ottavia


Rosario, 2 Machi 1964

Mwanangu Ottavia,

Barua yako imenifikia wakati wa joto, nikiwa mzima. Nimestaafu gazetini. Miaka kumi na mitano nilikuwa nasahihisha makosa ya wengine kabla hayajachapwa, na mtu aliyefanya kazi hiyo hawezi kuacha mvua ile ipite.

Hakukuwa na mvua. Kulikuwa na mwanamke anayeitwa Armida Lotti.

Ilikuwa mwaka 1935. Armida alikuwa akitushonea bitana nyumbani kwake, mtaa wa Leone. Alitumia mkono wa kushoto. Masista waliomlea waliufunga mkono huo kwa taulo miaka miwili, na walipoufungua ulirudi kwenye sindano kama paka anavyorudi jikoni. Bitana haionekani, kwa hiyo hakuna aliyejali. Wiki moja mshonaji wetu wa upande wa nje wa mikoba alishikwa na homa. Mimi, bila kumwambia baba yako, nikampelekea Armida mikoba sita aishone upande unaoonekana.

Baba yako alipoifungua aliuliza kama huu ni mshono wa shetani au wa mlevi. Alikwishashika kisu aifumue. Hapo akaingia mteja, bibi wa Kiswisi, kabla ya saa aliyoahidi. Akauchukua mkoba mmoja, akaupeleka mlangoni kwenye mwanga, akauliza nani ameshona hivi. Nikajibu, “Ni kaka yangu, Bibi. Ni mtindo mpya.” Alinunua yote sita, akaagiza kumi na minane.

Kwa hiyo uongo wa nyumba yetu si wa Milanese wako. Yeye ameongeza mvua tu. Uongo ni wangu.

Baba yako hakumfundisha mtu yeyote, kwa sababu hakumuuliza Armida anavyofanya. Aliwaonyesha wanawake matokeo, akawaambia wayafikie. Kama Armida yu hai, vifundo vya hao kumi na mmoja dawa yake iko mtaa wa Leone. Sahihi yangu kwa ajili ya mvua hutaipata.

Msalimie mama yako, kwa sauti kubwa.

Baba Mdogo wako,
Corrado


Firenze, 20 Machi 1964

Baba Mdogo,

Nakuamkia. Sisi wazima.

Kitabu kimekwisha kupangwa herufi, kurasa tisini na sita. Milanese nilipomwambia alicheka, kisha alipoona sicheki akasema hakuna mwanamke wa Manhattan atakayenunua kosa la mshonaji.

Wewe uliondoka mwaka 1948. Baba alibaki na meza mbili za kukatia na mkataji mmoja, yeye mwenyewe. Aliijenga nyumba hii akiwa na mgongo mbovu, na Jumapili alikuwa akinipeleka karakanani nimshikie taa. Miaka kumi na sita umetuandikia barua tano. Leo ya sita inamvua marehemu koti lake na kumvika mwanamke ambaye sijapata kusikia jina lake. Mama anasema huenda ulimpenda. Kama ndivyo, sema, tujue tunazungumza nini.

Ottavia


Rosario, 11 Aprili 1964

Mwanangu,

Namshukuru Mungu kwa uzima wenu. Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena. Ina haki ya kuwa kali.

Mwambie mama yako hapana. Armida alikuwa na mume, fundi wa magurudumu, na mimi nilikuwa mwoga hata kwa wajane.

Nitakwambia kwa nini niliondoka, maana naona uliambiwa ni kiburi. Mwaka 1947, siku ya Mtakatifu Yosefu, Armida alikuja kwetu wakati wa chakula cha mchana. Wewe ulikuwa kwa bibi yako. Alikuwa amevaa viatu vya kanisani. Alisema miaka kumi na miwili anashona nyumbani kwa mwanga wa jikoni, na wasichana tunaowaajiri wanaharibu mikono kwa kuiga kazi yake. Aliomba meza katika karakana, awe mwalimu wao. Baba yako hakumtukana. Alifuta mdomo, akasema, “Mkono huo, Armida, kwenye dirisha langu? Wateja watadhani tumekosa watu.” Kisha akanitazama mimi, niliyejua yote, nimalizie.

Nilitazama supu yangu. Maharagwe na kabichi nyeusi, naikumbuka mpaka leo. Armida alisubiri muda wa mtu kuhesabu hadi ishirini. Halafu akamwambia mama yako chakula chema, akaondoka.

Mwaka uliofuata nikapanda meli. Sikumkimbia baba yako. Wala simvui marehemu koti lake: mgongo ulikuwa wake, kazi ilikuwa yake, na karakana bila yeye ingekufa. Mshono tu haukuwa wake.

Sikuombi uamini. Nakuomba uende mtaa wa Leone, ukiuliza kwa muuza mkaa. Usiende na kitabu. Nenda na kipande cha ngozi na uzi uliopakwa nta.

Baba Mdogo wako,
Corrado


Firenze, 14 Septemba 1964

Mpendwa Baba Mdogo,

Nakuamkia, nikiomba radhi kwa miezi mitano ya ukimya. Nilikuwa na mambo ya kufanya kabla ya kuwa na la kuandika.

Nilikwenda mwezi wa Mei. Muuza mkaa sasa anauza mitungi ya gesi, lakini alinielekeza. Ghorofa ya tatu, mlango wazi, mwanamke wa miaka sitini na mitano anamenya maharagwe. Kabla sijajitambulisha alisema, “Wewe ni binti wa Gualtiero. Una paji lake. Umekuja kwa ajili yangu au kwa ajili ya mkono?”

Nilikusudia kusema maneno mazuri. Nikasema, “Kwa ajili ya mkono, Mama.”

“Afadhali,” alisema. “Huna ulimi wa yule mdogo.”

Yule mdogo ni wewe.

Nilimweleza kuhusu vifundo. Alisikiliza akimenya, kisha akafuta mikono, akakibana kipande changu cha ngozi kwa magoti katikati ya vibao viwili. Unajua alinionyesha nini? Mkoba hugeuzwa. Anayetumia mkono wa kulia ashone upande wa usoni ukiwa umempa kisogo, yeye akiona mgongo wa ngozi, na katika sindano zake mbili ya kushoto itangulie. Mkono unabaki umenyooka, na kwa mbele mshono unatokea umeegemea kwetu. “Wanapinda mkono wa nini?” aliniuliza. “Si wageuze mkoba?”

Miaka ishirini na tisa, Baba Mdogo, na jibu lilikuwa mwendo wa robo saa kutoka mtaa wa Serragli.

Nilimwomba aje Scandicci. Alitaka meza ya dirishani, na asiitwe bibi. Tangu Juni yuko kwetu. Wasichana wanamwogopa kuliko mimi. Juzi alimwambia mmoja, mshono wake umenyooka kama foleni ya walevi, na msichana akamwonyesha rafiki zake kwa fahari, kwa sababu wiki iliyopita aliambiwa hauna hata foleni. Wanane kati ya wale kumi na mmoja wamerudi.

Kisha kitabu. Nilikisimamisha kwa mchapaji. Milanese ameondoka, na si kimyakimya. Alitabiri kwamba New York watatucheka. Huenda. Ukurasa wa mvua nimeutoa, nimeandika mwingine kwa mkono wangu: “Mshono wa nyumba hii ni wa Armida Lotti, mshonaji. Uliuzwa kwa jina la wenye karakana, nao wakanyamaza.” Nilimpelekea Armida ausikie. Nilidhani atafurahi.

Alisema karatasi haina haya, huandikwa lolote, jana mvua, leo Armida. Akasema, “Mimi sikunyamaziwa na karatasi. Kulikuwa na mtu mezani. Aje aseme hapa, mbele ya hawa wasichana. Akisema yeye, weka jina langu. Asiposema, liache.”

Nimejaribu kumbembeleza. Unamjua.

Basi ukurasa ni mweupe, Baba Mdogo. Kitabu kinakwenda New York bila mvua na bila yeye. Toleo la pili litachapwa Februari. Macho yake yana mtoto wa jicho, na anasema atakaa nasi hadi mwisho wa Januari, si zaidi.

Nitakutumia tiketi kama utasema ndiyo.

Mwanao,
Ottavia


Firenze, 22 Novemba 1964

Baba Mdogo,

Nakuamkia. Natumaini kimya chako si cha ugonjwa.

Duka limefunguliwa. Hawakutucheka. Walipanga mstari hadi kona, na walipofika ukurasa mweupe walidhani ni wa kuandikia majina yao.

Armida amenikataza nikuulize tena. Anasema mtu akiitwa mara mbili, akija hajaja mwenyewe. Mimi nakuuliza. Ulinifundisha mwezi wa Aprili kwenda nisikotaka kwenda. Ulinifundisha kwa barua, ukiwa umeketi.

Ottavia


Melini, karibu na Barcelona, 19 Januari 1965

Mwanangu Ottavia,

Mimi ni mzima, ila kwa tumbo, ambalo halijatulia tangu bandari ya Santos. Mpishi ananiletea mkate mkavu na kuniita profesa.

Barua zako mbili nilizijibu mara tisa. Zote zilikuwa nzuri. Zilieleza, zilifafanua, mojawapo ilikuwa na kurasa saba. Nilipoisoma hiyo ya kurasa saba kwa jicho la kazi yangu ya zamani, niliona ningeweza kukata kila sentensi na maana isipungue, kwa sababu zote zilisema jambo moja: kwamba siji. Nikazichana. Tiketi nimenunua mwenyewe, usinitumie.

Hofu yangu si yeye. Naogopa nitafungua mdomo na zitoke sentensi nzuri. Hivyo nimejiwekea mpaka: maneno mawili. Nilidanganya dukani, na nilinyamaza mezani. La supu sitalitaja, watacheka, na kicheko kingenisaidia mimi.

Barua hii naiacha posta Barcelona. Huenda tukafika siku moja, mimi nayo, kwa hiyo nakuomba jambo moja mapema. Usiwakusanye watu wala usisimamishe kazi. Nionyeshe tu meza ya Armida. Nitasimama mbele yake, upande wa dirisha ili anione kwa macho aliyobakiwa nayo, na nitasema kwa sauti itakayomfikia msichana wa meza ya mwisho. Baada ya hapo, kuliandika jina lake au kuliacha, msubiri Armida aseme mwenyewe. Litakuwa juu yake.

Baba Mdogo wako,
Corrado