Mama, Usiuze Bangili kwa Ajili ya Injini

Kuze, Mombasa

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuamkia kwa adabu zote, nikitaraji goti limepoa na usingizi unakuja. Hapo Hola mto umetulia, au bado unamega mashamba? Na yule mbuzi aliyekuwa akitafuna nguo za Hawa, mmemchinja au bado yuko na heshima zake? Sisi huku wazima, mkwe wako na wajukuu wako, alhamdulillahi. Afya ninayo. Uso ndio sina.

Kabla ya lolote, mama, usimpe sonara bangili zako. Mdogo wangu Bakari alinipigia kuniambia umeamua kuziuza ili gari la marehemu baba litiwe injini nyingine, au tununue gari jingine kabisa, nitakavyoona mimi. Nikamjibu mtandao unakatika. Haukuwa unakatika, nilikuwa namsikia kama yuko chumbani. Ndiyo maana naandika. Na barua hii akusomee dada Hawa, maana Bakari atacheka kabla hajafika nusu.

Wewe unadhani gari limekufa kwa uzee. Hapana, mama. Nimeliua mimi.

Unakumbuka baba alivyokuwa akichota maji ya mto kwa kopo na kuyamimina kwenye rejeta? Mimi nilijifunza hapo. Sasa nyumba tuliyopanga huku ina kisima uani, lakini maji yake ni ya chumvi, tunafulia na kuoshea vyombo tu. Maji matamu huletwa na watu wa mikokoteni, nao wana maringo, siku ukiwataka hawaji. Mkwe wako akiniona naelekea garini na kopo la maji matamu hupiga kelele, "Baba Rukia, hayo ya chai!" Basi kwa ujuaji wangu nikasema maji ni maji, chuma hakina ulimi. Nikawa natia ya kisima. Kila asubuhi, bismillahi, kopo la chumvi. Gari likanywa, halikusema kitu, nami nikajiona mjanja.

Lilikuja kusema mbele za watu. Jirani yetu Mzee Abdalla alikuwa akimuoza binti yake, akaniomba nimchukue bibi harusi kwenda kupigwa picha kando ya bahari, pale Mama Ngina, kisha nimfikishe kwa mumewe. Heshima hiyo, mama! Nikalipamba gari maua, nikavaa kanzu ya Idi. Nyuma alikaa bibi harusi na somo wake, yule mama mtu mzima aliyemfunda. Picha zikapigwa vizuri. Tunataka kuondoka, lo! Mvuke ukafumka mbele, injini ikagonga kama mtu anatwanga mawe, ikazima. Na Mama Ngina jioni ya Jumapili unaisikia sifa yake, watu tele na mihogo yao ya kukaanga mkononi, wote wakatugeukia.

Somo akatoa kichwa dirishani. "Wee Athmani, umetuchukua kwenda harusini au kwenda kupikwa?"

Watu wakaangua kicheko. Bibi harusi, maskini, wanja umeshuka mpaka shavuni kwa jasho, akasema polepole, "Muache, somo, si kusudi lake." Hilo liliniuma kuliko kicheko. Wakapanda tuktuk, gauni limefurika mpaka nje, nami nikabaki na gari lenye maua. Vijana wakanisaidia kulisukuma huku wakilipigia vigelegele.

Fundi alipofungua rejeta ilitoka kutu nyekundu, nzito kama uji. Akaniuliza nilikuwa natia maji gani. Nikasema ya mfereji. Nilisema uongo, mama, na mkono wangu uko juu ya boneti ya gari la baba. Akanitazama tu, akasema, "Haya, basi mfereji wenu una chumvi." Injini imenoki, haina dawa. Injini ya mtumba inapatikana, lakini bodi nayo imeoza chini. "Ukiifunga humu," akasema, "utakuwa umemvika maiti kanzu mpya."

Tajiri wangu wa Makadara, yule mwenye duka la vyombo ninayempelekea mizigo kwa wateja, naye ana lake. "Athmani, wacha kulilia chuma. Shemeji yangu anauza gari lake, dogo, safi. Lete cha kuanzia, kilichobaki utalipa polepole."

Nimeyageuza yote mawili mpaka kichwa kikauma. Nikitia injini, gari la baba litaishi, na watu watasema lile pale gari la marehemu. Nikinunua jingine, nitapata kazi ya uhakika. Lakini yote mawili yanapitia mkononi mwako. Bangili hizo baba alikuvisha mwenyewe. Mto ulipochukua nyumba yetu hukuziuza. Leo uziuze kwa sababu mwanao alilionea choyo kopo la maji ya chai? Wallahi sitaweza kukutazama.

Basi nimekata shauri, si injini wala si gari. Nakuomba ruhusa fundi alichukue kwa vipuri, kwa kuwa lilikuwa lako kabla ya kuwa langu. Nimemwomba tajiri niendeshe tuktuk yake ya mizigo. Akaniuliza, "Utaweza? Watu wamekuzoea na gari." Nikasema nitaweza. Bado sijaweza vizuri, nikipita Kuze navuta kofia machoni. Kwa Mzee Abdalla nimekwenda kuomba radhi, akaniambia harusi ni kufika, na binti alifika. Hata hivyo napitia uchochoro mwingine.

Nisalimie Hawa, na umwambie asome polepole. Nisalimie Bakari, na mjomba mwadhini, na shangazi wa ng'ambo ya mto anayeniombea dua.

Idi nitakuja, inshallah. Niliondoka Hola nikiendesha, mkanisindikiza hadi barabarani, nawe ukajisifu kwa majirani. Nitarudi kwa basi, mkoba begani, na stendi yetu unaijua, watu kazi yao ni kumtazama anayeshuka. Sikuombi unitetee. Nakuomba tu usininyamazie. Niite kwa sauti kama unavyoniita siku zote, wasikie kwamba mimi bado ni mwanao.

Mwanao,
Athmani