Jumapili Tatu Hewani

Kijiji cha Kamiyachi,
Shimane.
Jumatatu, 18 Novemba 2019.

Mpendwa mdogo wangu Sumie,

Shikamoo yako naipokea kabla hujaitoa: marahaba. Hujambo wewe? Magoti yanasemaje siku hizi? Na shemeji yangu Nivaldo, presha imeshuka au bado anaficha chumvi kabatini? Binti yenu Mitiko naye, amejifungua salama? Mimi ni mzima wa mwili. Mengine utayasoma huko mbele, ila tafuta kiti kwanza.

Huku baridi imeanza. Nimemenya matunda ya mkaki mia moja na ishirini nikayatundika chini ya paa yakauke, kwa mazoea tu, maana sijui nitayala na nani. Viazi vitamu vyote wamevifukua nguruwe mwitu. Mwanangu Yasunori anapiga simu kutoka Hiroshima kila wiki, ananitaka nihamie kwake, ghorofa ya tisa. Nimemwambia nitafikiria. Wewe unanijua, maana yake sitaki.

Lakini sitakuficha, mdogo wangu, nina upweke. Tangu shemeji yako Shigezo afariki mwezi wa Mei, nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia friji ikinguruma kutoka chumbani. Alhamisi linakuja gari la duka, nabadilishana maneno mawili matatu na dereva. Siku nyingine zote nasema na sufuria.

Ndiyo maana mwezi uliopita nikaitoa kabatini redio yake ya mkononi ya kuongea na wenzake, ile aliyokuja nayo mpaka uwanja wa ndege siku unaondoka kwenda Brazili, tukamcheka. Cheti changu mwenyewe cha kuongea kwa redio hizo bado ninacho. Unakumbuka kabla ya simu za mkononi wanawake wengi hapa tulifanya ule mtihani, ili tuwaulize waume zetu wakiwa njiani kama watakula nyumbani. Simu zilipokuja tukaacha, ila cheti nimekuwa nikikihuisha kwa ubishi tu.

Betri ilikuwa imekufa kiangazi kizima, na kila alichohifadhi ndani kimefutika. Ikabidi niipange upya. Nyuma ya kalenda nilikuta ameandika mistari mitatu. Wa kwanza ni masafa ya kukisikiliza kile kituo cha mlimani, kinachopokea sauti ya redio ndogo kama hii na kuirusha tena ivuke mabonde. Wa pili ni masafa ya kusemea, ambayo yako chini ya yale ya kusikilizia. Wa tatu ni namba ya mlio. Nilihangaika na vile vitufe siku mbili, miwani puani, nikimsema marehemu kwa mwandiko wake mbaya. Nilipomaliza mstari wa pili, sauti za wazee zikaingia safi kabisa, wanalalamikia migongo yao. Nikajua kazi imekwisha. Nikavua miwani.

Wale wazee, wenzake Shigezo wa chama cha redio, huitana majina kila Jumapili saa tatu asubuhi. Mwenyekiti wao ni Bwana Makabe, yule karani mstaafu wa posta. Anaita mmoja mmoja, kila mtu anasema yuko salama na habari aliyonayo, mwisho anauliza kama kuna mwingine. Jumapili ya kwanza nilibonyeza kitufe nikataja namba ya kituo changu na jina langu la ukoo, Hatta. Makabe akangoja kidogo, halafu akasema hakuna mwingine, tuendelee. Uso uliniwaka kama nimemwagiwa maji ya moto.

Ungekuwa wewe, na mdomo huo uliookota huko Londrina, ungepiga simu palepale kuuliza kulikoni. Sisi hapa hatuulizi, umeshasahau? Mtu akinyamaziwa anakaa chini anatafuta kosa lake mwenyewe, kwa sababu hakuna atakayekuja kumwambia. Langu nililipata upesi. Mwezi wa Julai, baada ya zile siku arobaini na tisa za msiba, Makabe na wenzake walikuja kunishushia mlingoti wa antena. Waliomba wabakishe kipande kifupi juu ya paa, kiwe ukumbusho. Nikawaambia wakate chote, chuma hicho kimeniibia mume miaka arobaini. Wakainamisha vichwa, wakakata.

Basi Jumapili ya pili niliwaomba radhi hewani, kwa adabu zote tulizofundishwa na mama. Kimya. Nikasema kumbe hasira yao ni kubwa kuliko nilivyodhani. Wiki ile nilipika na sikula.

Jumapili ya tatu nikaona heri niseme lote. Niliwaambia jambo ambalo hata Yasunori halijui. Shigezo alipolazwa, Jumapili yake ya mwisho, aliniomba redio asikie wenzake wanavyoitana. Nikamjibu nimeisahau nyumbani. Redio ilikuwa kwenye mkoba wangu, Sumie, chini ya kiti nilichokalia. Niliitaka asubuhi ile moja iwe yangu, aongee na mimi. Akaitikia kwa kichwa, akageukia dirishani, na hakusema neno mpaka saa sita. Jumanne akafariki. Niliwasimulia hivyo hivyo, nikaachia kitufe. Makabe akasema hakuna mwingine, tuendelee.

Kesho yake nilinunua boksi la yokan, vile vitamu vya maharage, nikavaa koti jeusi, nikaenda kwake kuomba msamaha uso kwa uso. Mkewe alivyoniona na koti lile akashika mlango, akidhani kuna msiba mwingine. Nilipiga magoti mkekani, nikainama, nikasema sitasimama mpaka wanisamehe yote niliyoyasema na niliyoyatenda. Makabe akamtazama mkewe, mkewe akamtazama yeye. Kisha akaniuliza kama ile redio ninayo.

Ilikuwa mkobani. Akavaa miwani, akabonyeza hapa na pale, akauma mdomo.

"Mama Hatta," akasema taratibu, "mlio hukuuweka. Bila mlio huo kwenda pamoja na sauti yako, kile kituo hakikufungulii. Wewe unatusikia sisi, lakini sisi hatujakusikia hata siku moja."

Mstari wa tatu ule. Akaniwekea mwenyewe, haikuchukua dakika. Akanifundisha kwamba nikiachia kitufe nitege sikio: kituo kikinipata kitabaki wazi kidogo, nitasikia mvumo mfupi. Wote waliofanya ule mtihani wanajua hilo, ila mimi nilikuwa nimesahau. Na habari ya antena, akasema hakuna aliyekasirika. Mkewe akadakia kwamba hata yeye angewaomba siku ile wapite na kwao wakate ya mume wake. Tulicheka, na chai nikanywa.

Kisha Makabe akaniuliza, Jumapili zote hizo nilikuwa nasema nini.

"Salamu tu," nikamjibu.

Njiani nililia, na sijui kama ilikuwa nafuu au aibu. Nilikuwa nimejieleza mbele ya watu tisa, kumbe hakukuwa na mtu.

Jana ikawa Jumapili ya nne. Makabe aliniita jina, nikajibu, nikaachia kitufe, na ule mvumo nikausikia. Wazee wakafurahi, wakanikaribisha mmoja mmoja, mwingine akasema sauti yangu haijazeeka, mwongo mkubwa. Halafu Makabe akasema: "Mama Hatta, una lolote la kutuambia?"

Nilibonyeza kitufe. Wote walikuwa wananingoja. Maneno yalikuwa yale yale, nilishayasema mara moja, nayajua kwa moyo.

"Sina," nikasema. "Niko salama."

Wakaendelea na habari za nguruwe mwitu.

Msalimie sana Nivaldo, mwambie chumvi nimeiona mpaka huku. Mbusu Mitiko na mwanawe, na jina la mtoto nitumie nilisome mbele ya picha ya mama. Mungu na wazee wetu wawalinde nyote, magoti yako yakiwemo.

Kwa hiyo lile jambo la hospitalini, aliyelisikia ni wewe peke yako. Usinitungie maneno ya kunifariji, na usiniambie kwamba Shigezo amenisamehe, kwa sababu hujui. Niandikie mstari mmoja tu, kwamba barua imekufika na umeisoma mpaka hapa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu nilipokuwa nakubeba mgongoni,

Kinuyo