Mchawi wa Dakika Nne

Jumatatu, 3 Juni 2024
Watu wa sinema kutoka Dar wako hapa Kasense. Wanataka "Sumbawanga halisi." Na yule mwigizaji wao wa kuwa mchawi kapanda basi la alfajiri, karudi — anaogopa kulala Sumbawanga, eti mji wa wachawi! Dairekta, Vicent, akanikuta mashineni nimejaa unga hadi kope. "Mama Jenifer, sura yako ndiyo yenyewe!" Sura gani? Ya kusaga mahindi ya watu miaka kumi na tisa? Nimekubali, nusu siku tu. Nimevaa kaniki, nimepiga watu radi. Radi mwezi wa sita, kiangazi! Niliwaambia. Hawasikii.

Jumapili, 4 Agosti
Filamu iko kwenye kila simu. Nimepima: mimi nimo dakika nne kati ya tisini na mbili. Kutoka misa, vijana: "Mama Radi, mambo?" Nikacheka. Binti yangu hakucheka.

Jumatano, 7 Agosti
Msimu wa mavuno huu! Jumatatu madebe arobaini na moja. Jana kumi na sita. Leo matatu — moja langu. Watu wanabeba mahindi kilomita tano hadi mashine za mjini. Eti wanaoizungusha mashine yangu ni misukule. Misukule! Ni mota ya umeme, niliinunua kwa ulezi nilioulima kwa mikono hii.

Ijumaa, 9 Agosti
Kaja Kija, mke wa mfugaji wa kule Muze, na kuku mweupe kwapani. Hana mahindi. Anataka radi impige mwizi wa ng'ombe zao. Nikamweleza taratibu: radi ile imetengenezwa na kompyuta. Akafikiri. "Basi mama, nifanyie hiyohiyo ya kompyuta."

Jumamosi, 10 Agosti
Nimemwita mzee Adolfu, mwenyekiti wetu wa mtaa, awaambie watu ukweli. Siku ile ya kupiga filamu alikaa palepale muda wote, akala pilau la wageni, akaniona nikinawa rangi usoni. Shahidi gani zaidi?

Amefika sasa hivi. Miaka sabini na minne, rika la marehemu baba. Kabla sijafungua mdomo kavua kofia, kainama: "Shikamoo, mama."

Mimi! Hamsini na mmoja!

Nikiitikia marahaba, nimekiri uchawi. Nikinyamaza, atadhani nimemkasirikia — na huko nyumbani atasubiri radi. Nimekimbilia ndani, eti natafuta ufunguo wa mashine. Uko mfukoni. Nachungulia dirishani: bado amesimama uani, kofia mkononi, hathubutu kukaa.