Pejo Nyeupe ya Ntsoudjini

Magoudjou, Moroni
Novemba 1977

Kwa Dada yangu mpenzi Zoubeda,

Kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, na mbele ya mashahidi wawili ambao ni paka, mimi ndugu yako Ibouroi natangaza rasmi kwamba nimejifunza kufunga mlango wa gari bila kuubamiza. Siri yake ni kuusindikiza kwa kiganja, kama unavyomsindikiza mgeni ambaye hutaki ajue ulivyofurahi anapoondoka.

Baada ya tangazo hilo, shikamoo Dada. Mimi mzima, ila kikohozi kile kinanitembelea kila alfajiri kama muadhini. Natumai barua hii itakukuta mzima hapo Mutsamudu, wewe na Zainaba binti yetu na shemeji Nourdine. Mwambie shemeji asione haya kushinda barazani. Tangu serikali iwafukuze makarani, baraza za Moroni nazo zimejaa watu wanaojua kupiga taipu. Nimeandika Kiswahili chetu cha Unguja, tulichozaliwa nacho, maana vijana wa kamati za mapinduzi hufungua barua za watu, na lugha hii huwachosha upesi.

Sasa habari ya gari. Uliniagiza kwamba bangili za Mama ndizo dhahabu yako ya mwisho, nisizitoe mkononi mpaka nijue kwa yakini gari limekaguliwa lini na mkaguzi alisema nini. Ulisema mlima wa Patsy hapo kwenu hauoni haya mbele ya breki mbovu, na kwamba gari likishindwa kupandisha abiria na kuteremsha karafuu, nyumba yenu haina mlango mwingine wa riziki. Maneno hayo niliyashika.

Mwenye gari ni Mouigni Mdahoma, mfanyabiashara wa Ntsoudjini, mtu mzima mwenye kanzu isiyojua vumbi. Alinikaribisha chai, akaniapia kwamba Pejo yake haijapata kurudishwa na mkaguzi hata mara moja. Nilipomwomba karatasi za ukaguzi alicheka, akaniambia niende nikaliulize jivu. Ni kweli, Dada, nyaraka za zamani si zimechomwa zote na serikali hii. Hata hivyo nilikwenda ofisini. Mkuu wa magari siku hizi ni kijana ambaye ndevu zake bado zinafanya mashauri. Aliniuliza kama sina habari kwamba historia imeanza upya. Gari hilo halina zamani, wala mimi sina, kwa hiyo niende nikalime. Nilimshukuru, kwani ni mara ya kwanza ofisi ile kunijibu siku hiyo hiyo.

Njiani nikapata akili. Gari jeupe la mkubwa wa kisiwa hiki cha Ngazidja lilifanya kazi gani miaka yote ile, kama si harusi kubwa? Unajua hapa pia mume ndiye anayehamia kwa mke, na siku ya kumsindikiza hupandishwa garini pamoja na shangazi zake na masinia ya dhahabu. Karatasi zinaungua, lakini nani atathubutu kuwachoma shangazi? Nikaazimia kulikagua gari kwa kuuliza watu.

Nilianza kwa Bi Mouzdalifa, mmoja wa shangazi waliopanda gari hilo. Kwa kuwa harusi hizo sasa ni marufuku, nilipotaja gari tu alifunga madirisha, kisha akazungumza mpaka alasiri ikapita. Alisema alipakata sinia la dhahabu ya mpwa wake kutoka msikitini mpaka mlangoni kwa bibi harusi, juu ya mawe yale meusi, na hakuna mkufu hata mmoja uliotikisika. Alisinzia, akaota yuko mapajani kwa mama yake. Ndugu yake Fatima akadakia kwamba alisinzia kwa sababu alikuwa amekula pilau ya watu watatu. Bi Mouzdalifa akamwambia wivu wa kutopanda gari lile utamfuata mpaka kaburini. Wakacheka mpaka wakalia, na sikujua walianza kulia wakati gani.

Kutoka hapo nilimfuata huyo mpwa, Hamidou, aliyekuwa bwana harusi. Siku hizi anachimba barabara kwa amri. Aliegemea sururu, akafumba macho. Alisema alisikia kila ngoma na kila ubeti, hata pete yake ikigonga mkongojo wake wa harusi. Hakuhisi kwamba anakwenda. Nyumba ndizo zilizomjia, moja moja, zikiwa zimepakwa chokaa, zikampisha. Harufu ilikuwa ya asumini, moshi hakuusikia kabisa. Na wenzake wa rika walilishika gari pande zote, wakitoka jasho kwa mapenzi.

Wa mwisho alikuwa Latoifa, aliyetazama kutoka dirishani upande wa bibi harusi. Alisema lilitokea kichochoroni kimya, jeupe, kama wingu lililopotea njia, na watoto waliacha kupiga kelele ili wasiliamshe. Nikamuuliza kama aliona moshi nyuma. Akaniambia mimi ni mwanamume nisiye na moyo.

Nikayaweka pamoja: halitikisiki, halitoi moshi, halina kelele. Nikahitimisha kwamba sijapata kusikia mashine tulivu namna hiyo. Kufungua boneti mbele ya mwenyewe niliona haya; ni sawa na kufunua chungu jikoni kwa mtu aliyekualika. Kuliwasha nako hakukuwezekana, kwani petroli haipatikani. Lakini Mouigni Mdahoma aliniacha nikae ndani. Nilipofunga mlango, Ntsoudjini yote ilinyamaza. Kiti kilikuwa na joto la jua. Nikashika usukani, nikaona barabara ya Patsy inakuja yenyewe, na harufu ya langilangi, na wewe pembeni yangu umejitanda shuka lako la shiromani, unanikataza nisiende mbio. Sijui nilikaa kiasi gani. Nilipotoka, chai ilikuwa imepoa.

Hapa, Dada, tafuta mahali ukae. Bangili nimezitoa. Sikungoja jibu lako kama tulivyoagana. Fatiha imesomwa, mashahidi wamekula haluwa, na Pejo ni mali yako. Vijana wa rika la Hamidou wameisukuma kwa mikono kutoka Ntsoudjini hadi bandarini, ivushwe kisiwani kwenu, kwa sababu ya petroli, na mimi nimetembea kando yake jua la mchana, nikidhani naota. Nisamehe haraka yangu. Sikuifanya kwa kukudharau. Niliifanya kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze nilikiona kitu ambacho kila mtu amekisifia.

Nisalimie majirani wote wa mtaa wenu, na wale ambao hawanipendi wasalimie mara mbili. Mbusu Zainaba. Dua zako ndizo mwavuli wangu huku.

Ndugu yako akutakiaye heri,
Ibouroi

Nyongeza, kutoka bandarini: Wapakizi walipoifunga kamba, mbele ilinyanyuka kama sinia tupu, wakafungua boneti. Nimerudi mbio kwa Mouigni Mdahoma. Amenishangaa. Anasema Ntsoudjini nzima inajua, kwamba mimi nilimuuliza habari za ukaguzi tu, na kwamba fatiha haisomwi kinyumenyume. Bangili nimeziona mkononi kwa mkewe. Pejo haina injini.