Kapu la Amândio

Fontanelas,
11 Februari 1986.

Mpendwa kaka Zeferino,

Salamu nyingi zikufikie huko kwenye theluji ya Toronto. Kile kifua kimepoa? Mimi mzima, ila magoti yananisumbua kila asubuhi. Mwanangu Graça anakuamkia, mjomba wake.

Upepo wa bahari uliangusha ua wa matete, tumeusimamisha. Mizabibu yetu ya Ramisco ilizaa kidogo mwaka jana, na divai yake ni kali vilevile. Mpaka uisubiri miaka kumi ndipo ikukubali.

Safu ya chini imekufa. Umebaki mzabibu mmoja, ule uliopandwa kwenye shimo alimofia mdogo wetu Amândio. Huo unazaa kuliko yote, na hakuna aliyewahi kuuchuma. Zabibu zake hukaukia hapohapo mchangani. Nikipita naongeza mwendo, mtu mzima mimi.

Graça anataka kuipanda upya safu hiyo. Jumanne iliyopita alianza kuchimba mchanga kuufuata udongo mzito ulio chini. Shimo lilipomfika kifuani nikamletea kapu avae kichwani. Akacheka: "Mama, kwani mimi kuku wa kupelekwa sokoni?" Nikamweleza kwamba mchanga ukimfukia, atapumua hewa iliyobaki ndani ya kapu mpaka tumfukue.

Kaka, miaka ishirini na tisa unaamini kapu la Amândio ulilichukua wewe, kumpelekea mchumba wako matufaa. Ulilia hivyo mbele ya jeneza, nami nimesimama ubavuni pako. Wewe ulichukua lile dogo, lisingemwingia hata kichwani. Kubwa nililichukua mimi, nikaatamisha kuku wangu.

Amândio alikuja kulitaka, akamkuta kuku juu ya mayai. Nikamwambia, "Leo tu, mdogo wangu. Chimba taratibu." Akanitania kwamba kuku nampenda kuliko yeye, akaenda zake.

Wiki ileile ulipanda meli, nami nikanyamaza. Kila barua yako unamwomba marehemu radhi. Nazisoma, nazikunja, naziweka kabatini. Nimeona aibu miaka yote hiyo.

Graça sasa anavaa kapu, nami nasimama ukingoni mpaka atoke.

Nisalimie wifi Lurdes na wanao. Mungu akutue mzigo ambao haukuwa wako. Septemba njoo uuchume ule mzabibu. Mimi siwezi.

Dada yako akupendaye, hata usiponijibu,
Deolinda