Mama, Kuku Wako Wanatembea Uchi

Mama yangu mpenzi,

Nimeolewa! Najua ulijua nitaolewa. Ulimwona Joel alipokuja na wazee wa kwao, ukampikia, kisha ukaninong'oneza jikoni, "Huyu anakula kama mtu mwenye shukrani." Lakini harusi yenyewe hukuiona, na kila nikishika kalamu nikuelezee naanza kulia. Leo sitalia. Leo naandika kwa sababu kuku wako wamenichosha roho.

Kwanza nikuambie juu ya Joel. Mama, huyu mtu! Ni karani katika kituo cha kupimia majani chai, na jioni nikisikia baiskeli yake ikishuka kilimani moyo wangu unaanza mbio kabla yake. Mbele ya mama yake hunisalimia kwa mkono kama mgeni wa heshima. Tukibaki wawili ananiita "Madam wa nyumba," na mimi nasahau kama nimeacha maziwa motoni. Nilimaliza kidato cha nne nikiamini mapenzi ya namna hii ni ya vitabuni tu. Yako hapa Kedowa, Mama, kwenye baridi na matope.

Sasa kuku. Niliwabeba kama ulivyosema. "Wengine wagawane vyombo," uliniambia ukiwa kitandani, siku zako za mwisho, "wewe chukua Mama Pasta na wenzake." Na Mama Pasta bado ni yule yule, mweusi mwenye kola nyeupe shingoni, anatembea mbele ya wenzake kana kwamba anawapeleka ibadani.

Kwetu Siongiroi walilala jikoni mwako. Hapa jikoni kuna sakafu ya simenti, na mama mkwe hataki kusikia habari ya kuku ndani. Basi Joel akawajengea nyumba. Si kibanda, Mama, ni nyumba! Imesimama juu ya nguzo, ina sakafu ya mbao, wavu mbele, mlango wenye kufuli, na juu ya mlango ameandika kwa rangi nyekundu: KARIBU CHELANGAT. Nilimkumbatia mchana kweupe, mama mkwe akageuka akatazama ng'ombe. Kama hiyo haikutosha, akaninunulia jogoo wa pili, eti yule wetu asiwe mpweke ugenini.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Naingiza mkono kwenye kiota, natoa yai laini kama mfuko uliojaa maji. Lingine lina ganda, lakini nikiligusa tu linabonyea. Kisha manyoya yakaanza kwenda. Migongo ikabaki mitupu, shingo zikawa nyekundu. Mama Pasta mwenyewe akabaki na kola tu, bila kanzu.

"Bibi arusi," mama mkwe akaniuliza mbele ya majirani, "kuku wa kwenu Siongiroi hawavai nguo?"

Walicheka mpaka mmoja akashika mti. Shemeji yangu akaleta dawa ya kuogeshea ng'ombe, anataka kuwatumbukiza. Nikamwambia aanze kuoga yeye.

Nilikukumbuka ukiwapa maganda ya mayai, kwa hiyo nikawatupia ya kwetu, mazima, kutoka jikoni moja kwa moja. Walifurahi! Walifurahi hata wakajifunza kwamba yai ni chakula. Tangu siku hiyo likitagwa moja lenye nafuu, wanalikusanyikia kama mkutano wa chifu, nafika nakuta utando tu. Mama, niliwatukana. Niliwaita majina ambayo mtu aliyeolewa kanisani hapaswi kuyajua.

Kisha dada zako wakatuma habari kwamba watakuja Jumapili kutazama nyumba yangu. Mama mkwe akafurahi sana. Akaelekeza kidole uani.

"Huyo mwenye kola hatagi kitu. Ataingia sufuriani."

Hakusema kwa ubaya. Kwao kuku asiyetaga ni mboga, basi. Lakini kuwapakulia dada zako Mama Pasta wako! Nikasema, "Ndiyo, Mama," nikatembea hadi katikati ya majani chai, nikalia huko peke yangu.

Nilipomaliza kulia nikajiuliza: kwani wewe ulifanya nini? Sikuwahi kukuona ukifanya lolote la pekee. Lakini ulikaanga maganda kwenye kikaango mpaka yabadilike rangi, ukayasaga kwa chupa yakawa unga. Mimi nilidhani ni usafi tu, kumbe hawakuwahi kujua wanakula mayai! Waligaagaa kwenye majivu yako. Walioga vumbi la mlangoni. Walidonoa ule udongo wa chumvi walioulamba ng'ombe. Na jogoo ulibakisha mmoja tu, wengine ulikula, ukisema makelele ya mmoja yanakutosha.

Nikageuka nikaitazama nyumba yao. Mbao safi. Chakula, mahindi matupu. Mvua kila alasiri, hakuna vumbi hata la kujipaka. Majogoo wawili wanapokezana juu ya migongo ya majike wachache. Nikapitisha kidole kwenye ufa chini ya fito wanazolalia, kikatoka na utitiri, vidudu vyekundu vinavyotembea.

Mama, ugonjwa ulikuwa KARIBU CHELANGAT.

Utamwambiaje mtu anayekupenda hivyo? Nilingoja chai.

"Joel, ile nyumba ni nzuri sana."

"Asante, Madam."

"Lakini inamaliza kuku."

Akakoroga chai ambayo hajaitia sukari.

"Hata wavu?"

"Wavu hauna shida. Shida ni kuwafungia. Na jogoo."

"Jogoo nilimchagua mwenyewe sokoni!"

"Ndiyo, mpenzi. Ana nguvu sana."

Alinitazama, akatazama dirishani, kisha akacheka mpaka chai ikamwagika. Nikampenda upya, pale pale.

Alifungua mlango wa nyumba ya kuku, akamwaga maji ya moto kwenye kila ufa. Akaezeka mabati makuukuu pembeni, juu ya ardhi kavu, tukajaza majivu na mchanga. Mimi nikakaanga maganda, nikasaga, nikawaongezea na omena, vile visamaki vikavu. Na Jumapili dada zako walikula yule jogoo wa Joel. Waliisifu nyama. Joel alikula akiinamisha kichwa, kama mfiwa.

Manyoya sasa yanachomoza, madogo kama misumari. Na jana Mama Pasta alitaga. Nilifanya kama ulivyokuwa ukifanya: niligonga yai kwenye jino, nikasikiliza. Lilijibu kavu, Mama. Nikasimama pale na yai mdomoni, nikalia baada ya kusema sitalia.

Mama mkwe akalichukua, akaligeuza kwenye mwanga.

"Hili lisiliwe," akasema. "Mwekee mengine, alalie."

Kwa hiyo pumzika. Sitakuita tena kwa ajili ya kuku, labda mambo yawe mabaya sana. Na nakuahidi: mtetea wa kwanza ni wa Chebet. Siku mdogo wangu akiolewa nitampelekea mwenyewe, na kabla sijamshusha kapuni nitamwambia bwana harusi asijenge kitu.

Nakupenda, Mama. Joel anakusalimu, anasema pole kwa nyumba.

Mtoto wako,
Chelangat