Mkeka wa Riziki na Wanafunzi wa Uhandisi

Shikamoo Mama. Huku ugenini jua linawaka na bado nimevaa makoti mawili. Leo wanafunzi watatu wa uhandisi walikuja na mwalimu wao saluni kwa mdogo wangu Riziki. Mtihani wao si wa karatasi: wamtengenezee mtu kifaa cha kumwondolea tabu kazini, na asipokubali kukinunua wamefeli.

Walileta chombo cha kuchovya ncha za rasta kwenye maji moto ili zisifumuke, bila kumwunguza mteja. Kilikuwa na mguu mrefu, usawa wa kiti.

Riziki akacheka. "Nyie wasomi, mteja wangu anakaa wapi?" Akawaonyesha mkeka. Yeye husukia chini, kama ulivyotufundisha.

Nikamtazama mwalimu, nikidhani atawatetea. Yeye akafungua tu daftari lake.

"Eish, anti, hatukuuliza," akasema binti mmoja mwenye rasta. Akavua viatu, akaketi mkekani. Wenzake wakapima, wakaukata mguu wa chombo palepale kwa msumeno waliokuja nao. Riziki akamchovya rasta zake. Binti hakushtuka hata kidogo.

"Haya, nanunua," akasema Riziki.

Wakapiga kelele za furaha! Mwalimu akamuuliza Riziki kazi hii alijifunza wapi.

"Kigoma, mkekani kwa mama yangu."

Mama, akaliandika hilo kwenye daftari lake.

Naibusu mikono iliyotusuka.

Mwanao, Zawadi